Mashuka Meupe katika Chumba cha Piano

Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, piano ya klabu ya mameneja ilihamishiwa shule moja karibu na Makuyuni. Mwalimu Nora, mwanamke wa Ayalandi aliyekuja kufundisha Kiingereza, akaanza kuwafunza watoto kuipiga. Tatu, binti wa Hamisa, alikuwa mmoja wao.

Hamisa hakuona ubaya wowote hadi mwishoni mwa Oktoba, Tatu alipoomba shuka jeupe. Alipoulizwa la nini, akakimbilia uani. Baadaye mama yake alimkuta akigongagonga vidole mezani, akinong'ona kwamba mzimu unashuka ngazi. Masika yaliyopita Hamisa alikuwa amempoteza Kibwana, mdogo wake Tatu. Tangu hapo kitambaa cheupe kilimtia baridi.

Siku ya somo alimfuata binti yake kwa mbali. Madirisha ya chumba cha piano yalikuwa yamezibwa kwa magunia. Akachungulia penye tundu: boga limetobolewa macho na meno, mshumaa unawaka ndani yake, na watoto wamejifunika meupe kuanzia kichwani.

Hakuingia. Alikwenda kumwita Gregori, balozi wa nyumba kumi, ambaye tangu mwanzo alijiuliza mgeni yule anafuata nini kwa watoto wa watu. Njiani Gregori alisema kuwa watu wanahimizwa kulima, na huyu anachezea chakula. Tena penye kufichwa pana jambo.

Mwalimu Nora aliwafungulia akitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. Alieleza kwamba kwao siku hiyo huitwa Halowini, na watoto huchezea vitu wanavyoviogopa. Kila mtoto huchota picha kikapuni: akipata popo, hupiga sauti nyembamba za upande wa kulia, akipata mzimu, hushuka sauti moja moja kama ngazini, akipata zimwi, hupiga sauti nene za kushoto. Ndivyo wanaoanza wanavyoizoea piano. Gregori akauliza magunia ni ya nini. Ya giza, alijibiwa, ili mshumaa uonekane. Hakuridhika.

Hamisa alikwenda moja kwa moja kwa mtoto aliyekaa kwenye piano, akamfunua. Alikuwa Tatu, jasho linamtoka, anacheka.

"Mwalimu," alisema Hamisa, "huku kwetu mtu hufunikwa hivi akishakufa. Nami nimeshaona wangu mmoja akifunikwa."

Mwalimu Nora hakujitetea. Aliwavua watoto mashuka, mmoja baada ya mwingine, akayakunja.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sikujua, na sikuuliza."

Hamisa akang'oa gunia dirishani, mwanga ukaingia. Ndipo akamtaka Tatu amwonyeshe hilo zimwi linavyotembea. Tatu akapiga sauti nene, mbiombio. Mama yake akasema zimwi lililoshiba halikimbii. Watoto wakacheka, Tatu akarudia polepole. Gregori alibaki mlangoni, amekunja mikono.

Tatu aliendelea na masomo. Lakini kila siku ya piano Hamisa alikuja naye, akaketi kwenye benchi barazani, akisuka ukili wa mkeka na kusikiliza. Hakumwomba mtu ruhusa.