Inspekta wa Namba Tisa

"Zamu yangu ilikuwa jana!" Mama Pacha aliisukuma ndoo kwa mguu mpaka mlangoni kwa Kinyozi. "Leo ni wewe. Au hiyo mikono iliumbwa kushika mkasi tu?"

"Sipigi deki maji ya mtu mwingine," Kinyozi akajibu. "Mwambie mwenye maji apige mwenyewe."

Mwenye maji alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwao, ghorofa ya tatu, mbele ya namba tisa, ngumi juu, tayari kubisha. Ni yule Inspekta wa tamthilia. Mvua iliyomnyeshea katika tukio la mwisho ilikuwa bado inamnyeshea, yeye peke yake, ikianzia shubiri moja juu ya kofia yake, na maji yalitiririka koridoni mpaka kwenye ngazi. Wapangaji walikuwa wamepanga zamu za kupiga deki. Kilichowakera ni kwamba watu hawafuati zamu.

Kwa miezi minne jengo zima lilikuwa likijazana kila Jumapili jioni sebuleni kwa Kinyozi, kwa sababu runinga yake ni kubwa na mke wake hana kinyongo na wageni. Wengine walikaa hadi juu ya kabati la viatu. Siku ya mwisho, Inspekta alipanda ngazi, akasimama mlangoni kwa muuaji, akainua mkono, kioo kikawa cheusi. Kinyozi aliipiga runinga kofi akidhani imezimika. Majina ya waigizaji yalipoanza kupita, mtu akarusha ndala. Asubuhi yake walimkuta Inspekta koridoni.

Wiki tatu sasa, na hakuna aliyemwonea haya. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kumsema usoni. Alibisha au hakubisha? Alikwenda kumkamata mtu au kugawana naye? Muuza mayai alipanda ghorofa zote tatu, akamwita mwizi wa muda wa watu, akashuka kuendelea na biashara.

Dobi, dada wa namba tano, ndiye pekee ambaye hakumtukana. Kaka yake, fundi umeme, alianguka kutoka ngazi za ghorofa hiyohiyo ya tatu, akafa, jioni ya sehemu ya kumi na moja. Kesho yake alikuwa aende manispaa kueleza kwamba nyaya za jengo zimeoza na Msimamizi anajua. Msimamizi ndiye anayekaa namba tisa. Polisi walipokuja, wapangaji walijibu kwa mdomo mmoja: Msimamizi alikuwa nasi sebuleni, mwanzo hadi mwisho, hakuinuka. Dobi, ambaye jioni ile alikuwa juu ya paa akianua mashuka, hakuwa na la kuongeza.

Inspekta alikuwa na swali moja tu. Alimuuliza kila aliyepita na ndoo, bila kugeuza shingo.

"Miwani ilipopatikana kwenye unga, nani aliinuka?"

Tukio la miwani lilikuwa tamu kuliko yote, katika hiyo sehemu ya kumi na moja, na hakuna aliyelisahau. Kwa hiyo watu walimjibu kuhusu miwani.

Mchana huo wa Jumapili aliuliza tena, na Kinyozi akasahau habari za ndoo.

"Kioo cha kushoto kilikuwa na ufa! Hapo ndipo nilipojua muuaji ni daktari."

"Cha kulia," alisema Mama Pacha.

"Cha kushoto, mama! Nilikiona vizuri, japo mtu alikuwa ameniwekea mgongo, mpaka nikampigia kelele: kaa chini, au toka moja kwa..."

Akaiinamia ndoo. Dobi, aliyekuwa akipita, aliteremsha kikapu cha nguo kutoka kichwani.

"Akatoka?"

"Nani?"

"Huyo mwenye mgongo, kaka. Alikaa au alitoka?"

Mvua ya Inspekta ikapungua, ikawa manyunyu. Ngumi yake ikasogea, pakabaki upana wa kidole kati yake na ubao wa mlango. Waliokuwa ngazini waliona, na mmoja akasema afadhali, maji yatapungua.

Kinyozi alimtazama Mama Pacha. Mama Pacha aliitazama ndoo. Mwezi huo Msimamizi alikuwa akiandika orodha ya watakaobaki jengo likikarabatiwa.

"Mgongo ni mgongo, dada yangu," Kinyozi akasema. "Hauna sura."

"Mama Pacha?" Dobi akauliza.

"Mimi nilikuwa nanyonyesha. Tena wote wawili kwa pamoja. Ningeona nini?"

"Uliona ufa kwenye kioo cha kulia."

"Huo niliuona."

Mvua ikarudia kunyesha kwa nguvu.

Ndipo mlango wa namba tisa ukafunguliwa kutoka ndani, kabla haujabishwa. Msimamizi alikuwa amekunja mikono ya shati, ameshika upawa.

"Jamani, kelele zote hizi za nini? Inspekta, wiki tatu umesimama kama mlingoti. Pita ndani, chakula kiko mezani."

Inspekta akashusha mkono. Akavua kofia, akaikung'uta, akaingia.

"Si nilisema!" Kinyozi akapiga makofi. "Hawa lao lilikuwa moja tangu mwanzo!"

"Mwisho wa kipuuzi," alisema Mama Pacha. "Miezi minne nimekaa juu ya kabati la viatu kwa ajili ya hiki?"

Waliotoka mitaa mingine walizomea na kuapa kwamba hawatatazama tamthilia tena maisha yao. Kisha harufu ya mchuzi ikawafikia, wakaanza kuvua viatu. Wakaingia mmoja mmoja wakiendelea kugombana. Kinyozi alikuwa wa mwisho, na aliingia akiangalia sakafu.

Mvua haikuvuka kizingiti. Ilibaki koridoni, ikasogea hatua mbili, ikaendelea kunyesha juu ya Dobi na kikapu cha nguo alizokwisha kupiga pasi.

Msimamizi aliushikilia mlango wazi.

"Na wewe, dada," akasema, "usisimame kwenye maji, utaugua. Karibu tule."