Sarafu ya Babu na Ulimi wa Bwana Gachoki

Bwana Gachoki, aliyejitambulisha kama mtaalamu wa sarafu za kale kutoka Embu mjini, alilamba sarafu ya marehemu babu yangu. Akafumba macho kama padri anayeonja divai ya misa, kisha akatangaza kuwa ni bandia.

"Pole, Cucu," alimwambia bibi yangu, Celina. "Hii imemiminwa kwenye kalibu juzi juzi tu. Sarafu ya kale huwa imegongwa kwa nyundo, na shaba yake ina chumvi chumvi. Huu ulimi haujawahi kunidanganya."

Cucu aliinamisha kichwa. Babu aliiokota sarafu hiyo, yenye maandishi ya Kiarabu yaliyolika, alipokuwa kibarua wa kuchimba mitaro kule bwawa la Kiambere. Picha zake zililiwa na mchwa. Hakuna kingine chake kilichobaki.

"Siku ya soko nitakuletea sufuria mpya, nikuondolee huu uchafu," mgeni alisema. "Ukipatikana nao ni kesi."

Kisha akaanza kuufunga huo uchafu kwa kitambaa cheupe cha mkononi, polepole, kama anayevisha kitoto kichanga.

"Siku ya soko si leo," Cucu alisema, akinyoosha mkono. Akarudishiwa.

Mimi ni mtu wa bweni. Sanduku langu limekaguliwa na walimu wa zamu tangu kidato cha kwanza, na ninaujua vizuri uso wa mtu anayesema chapati zako zimeoza huku akizimezea mate. Nikafungua uchunguzi rasmi.

Nilitoa kipande cha shaba kwenye friji mbovu ya jirani, nikakikata duara la ukubwa wa ile ya babu, nikakikwaruza vijimistari mfano wa Kiarabu, nikakigonga hadi kikawa na sura ya uchovu. Halafu nikakizika zizini, mahali ambapo beberu wetu hupenda kukojoa. Kufikia siku ya soko kilikuwa kijani, na heshima ya miaka elfu moja.

Gachoki alifika na sufuria. Cucu akampa sarafu, lakini kabla hajaitia mfukoni, akamletea uji.

"Kunywa kwanza, mwanangu."

Kwa Cucu, kibuyu cha uji hupokewa kwa mikono miwili. Anayenyoosha mmoja hunyimwa na kuulizwa alilelewa na nani. Gachoki akaiweka sarafu kwenye kigoda. Kibuyu kikamfunika uso, na mkono wangu ukapita juu ya kigoda kwa utulivu wa mtumishi wa altare.

Alipomaliza akafuta midomo, akachukua iliyokuwepo, akailamba mara ya mwisho.

"Bandia kabisa," alisikitika, akaaga.

Nilimfuata nikijifanya naswaga mbuzi. Nyuma ya ua alikuwa tayari kwenye simu.

"Mkubwa, mwambie mteja ajitayarishe! Ni ya kweli, nakuapia. Nimeionja tena sasa hivi. Leo chumvi imezidi hata siku ile!"

Nilirudi nikaweka sarafu ya babu kwenye kiganja cha Cucu na kumweleza yote, beberu akiwemo. Aliifunga kwenye pindo la leso yake, akakaza fundo kwa meno.

"Nyaga, hicho chako ulikuwa umekiosha?"

"Hapana, Cucu."

Alitazama sufuria mpya.

"Maskini," alisema. "Tungemwongeza uji."