Chanuo la Shangazi Pamela

Mimi Cliff, wa kidato cha tatu, natamka kwa moyo mzito kwamba chai ya kijani haina hatia. Mwenye hatia ni mimi.

Likizo ya Agosti nilipelekwa Karungu kwa shangazi Pamela, kwa kuwa nyumbani walikuwa wamenichoka. Shangazi aliishi peke yake. Mumewe alifariki, na mwanawe Javan yuko Mombasa, simu yake haipatikani. Nywele nazo zilikuwa zinamhama. Hakutoka nje bila kitambaa. Kichwa chake tulikijua watu wawili tu: mimi na Mong'ina, jirani aliyeolewa hapa kutoka upande wa Isebania. Kila asubuhi, shangazi akiwa bado anawasha jiko, Mong'ina alikuwa amekwisha kuingia sebuleni kutafuta chupa ya mafuta ampake. Kisha wakanywa chai.

Siku ya pili nikamwambia shangazi kwa sauti ya mhubiri, "Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa na upara kama kibuyu. Akanywa chai ya kijani mwezi mmoja. Sasa anachana."

"Kweli, nyathina, mwanangu?"

"Shangazi, hiyo ni sayansi."

Mwalimu huyo bado ana upara. Asubuhi sisi hujitazama humo tukifunga tai.

Shangazi akaagiza pakiti kutoka Homa Bay. Alikunywa vikombe vitatu kwa siku, bila sukari, bila maziwa, amekunja uso kama anayekula kiapo. Jioni alichana nywele na kuacha chanuo kwenye dirisha la sebule. Asubuhi alizikusanya zilizong'oka akazichoma jikoni, maana nywele za mtu haziachwi ovyo zikaokotwa na mwenye nia mbaya. Alitazama chanuo, halafu akanitazama mimi.

"Bado, Cliff."

Macho hayo yalinishinda. Nikaanza kuamka kabla yake, nikasafisha chanuo, nywele nikazitumbukiza chooni.

Asubuhi ya kwanza shangazi aliimba. Ya pili aliimba. Ya tatu alinyamaza.

"Jana jioni nilizishika kwa mkono wangu, kwenye chanuo," alisema. "Nywele hazina miguu."

Nani mwingine alikuwa akiingia sebuleni saa hizo? Mong'ina alipobisha kesho yake, shangazi hakufungua.

"Rudisha ulichochukua."

"Nimechukua nini, Mama Javan?"

"Unajua."

Nikasikia ndara zikiondoka, taratibu.

Mimi, bingwa wa kunyoosha mkono darasani, niliinamia uji wangu. Nikauinamia siku nne. Kila asubuhi shangazi alitoa vikombe viwili kwa mazoea, akarudisha kimoja kabatini. Kichwa chake kikakauka kwa kukosa mafuta. Siku ya tano, mkono wake ukiwa bado kabatini, nilisema yote, hata upara wa mwalimu.

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alitoka vile vile alivyokuwa, kichwa wazi, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa omena, na wote wakaacha kazi wakamtazama. Nilimfuata nimeshika chanuo kama kielelezo cha mahakamani.

"Ni huyu mjinga," alimwambia Mong'ina mlangoni kwake. "Na mimi ni mjinga zaidi. Nisamehe."

Mong'ina alikitazama kile kichwa kwa muda. "Nimekusamehe. Lakini uliniita mchawi, Pamela."

"Neno hilo sikulitaja."

"Ndiyo. Hukulitaja."

Siku hizi anakuja tena, lakini anaishia kizingitini. Shangazi hunywa chai ndani, ya maziwa na sukari, hujipaka mafuta mwenyewe, na nywele zinadondoka kama zamani. Wanasalimiana vizuri mno, kama wageni. Kikombe cha Mong'ina hukipeleka mimi.

Kutoka jikoni hadi kizingitini ni hatua kumi na moja. Jumatatu shule inafunguliwa, na hatua hizo itabidi mmoja wao azitembee.