Mwanamume Aliyelisha Nyumba ya Maduhu

Mume wangu Maduhu alinishuku kwa sababu watoto wake walikuwa wanashiba. Msicheke. Wenzangu hushukiwa kwa kupaka wanja, mimi nilishukiwa kwa ugali.

Enzi hizo za Mwingereza tulikaa kambini, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Mtu alilipwa akimaliza kipande chake, kadi ya kazi ya siku thelathini, na kabla ya malipo kambi nzima ilikuwa imekauka. Wanawake wanakopa dukani, waume wananuna, watoto wanazungukia majiko ya watu. Kwangu moshi haukukatika. Asubuhi michembe na karanga, jioni ugali na dagaa.

Maduhu alikula, akashiba, akaanza kuwaza.

"Mama Valerian," akaniuliza siku moja akinawa mikono, "kwa wenzangu wote hakuna kitu. Hapa vinatoka wapi?"

"Kwenye hela unayoniachia."

"Hela ile ile?"

"Ile ile."

Akanitazama kwa jicho la pembeni, akaondoka bila kushukuru.

Mtaniuliza kwa nini sikumweleza. Nimweleze? Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimwambia, tena kwa furaha, kwamba hela imebaki. Akasema nilete. Akaipeleka kilabuni, jioni akarudi anaimba. Nikapata akili. Tangu hapo kila senti iliyobaki niliigeuza chakula, maana sijaona mtu aliyelewa kwa unga.

Tulikuwa wanawake wachache, mimi na jirani yangu Bernadina tukiongoza. Mahindi tulinunua Buseresere wakati wa mavuno, magunia kwa magunia, bei ikiwa chini, tukagawana. Viazi vitamu tulikata, tukaanika, vikawa michembe, kama mama zetu walivyofanya. Dagaa tulisubiri mwezi uingie gizani, ndipo wavuvi wanapata wengi na bei inaanguka. Kila kitu tulikipangia wakati wake, na kila mmoja alihifadhi vyake jikoni kwake, darini juu ya moto, moshi ufukuze wadudu. Na mwanamume wa Kisukuma haingii jikoni. Maduhu angeweza kupekua nyumba mpaka chini ya kitanda, na alipekua kweli, lakini jikoni hakutia mguu.

Basi akanitega. Akaniletea nusu ya hela, eti Mzungu amepunguza mishahara. Nikamuuliza Bernadina. Mume wake hakupunguziwa hata senti. Hapo na mimi nikaanza kumtazama Maduhu kwa jicho lile lile. Nusu nyingine inakwenda wapi? Kilabuni haendi tena, pombe hanuki. Ana mwanamke? Nikanyamaza, nikapika kama kawaida.

Lo! Kumbe kunyamaza kwangu ndiko kulikommaliza. Alipunguza hela, chakula hakikupungua. Akapunguza tena, tukala vilevile. Usiku hageuki upande wangu, mchana anapita uani kana kwamba amepoteza kitu.

Siku moja akatoroka kazini mchana. Mimi nilikuwa ndani ya jiko na Kalisti, muuza dagaa kutoka ziwani, yeye si Msukuma, ananipandishia gunia darini. Kalisti alikuwa amevua viatu vyake vya tairi mlangoni. Maduhu akaviona viatu vya mwanamume kwenye mlango wa jiko la mkewe. Hakuita, hakuchungulia. Aligeuka, akatuma ujumbe kwetu Shinyanga kwamba wazee waje wachukue mtu wao, na ng'ombe wake wa mahari warudi.

Ng'ombe warudi! Ng'ombe walionioa mimi ndio waliomwoa mke wa kaka yangu Gregory. Wakirudi kwa Maduhu, mke wa Gregory anarudi kwao, na watoto nao. Ndiyo maana baba yangu, Mzee Ngassa, aliposhuka kwenye lori, Gregory alikuwa nyuma yake, midomo imekauka.

"Dada," akaninong'oneza kabla hata ya kunisalimia, "omba radhi tu yaishe."

"Radhi ya nini?"

"Ya chochote."

Iliniuma kuliko yote ya Maduhu.

Tulikaa uani. Maduhu akaketi mbali na mkwe wake, kama adabu inavyotaka, akasema akitazama chini, "Baba, kuna mwanamume analisha nyumba yangu. Nimeviona viatu vyake kwenye mlango wa jiko. Hata mganga amesema mtu huyo anatoka upande wa ziwa."

Nikapaza sauti, "Bernadina! Viatu vya tairi hapa ni vya nani?"

Bernadina akatokea na mwiko mkononi. "Si vya Kalisti wa dagaa? Kwangu pia alipanda darini siku ile ile. Basi na mimi ni mke wake?"

Nikaingia jikoni, nikaanza kushusha. Gunia la mahindi puu! La michembe puu! La dagaa, na karanga za kutufikisha mavuno mengine. Baba na Gregory wakasogea mpaka mlangoni, wakakodoa macho darini.

"Huyu ndiye mwanamume wako," nikamwambia Maduhu. "Msalimie."

Baba akauliza taratibu, "Na hela uliyokuwa unamnyima mwanangu, iko wapi?"

Maduhu akajibu, "Kwa mganga."

"Yote?"

"Yote, baba. Na mbuzi."

Ebo! Kumbe mimi nabana upande huu, mganga anakula upande ule.

Baba akanigeukia. "Twende nyumbani, au unabaki?"

Siku ile nilitaka kwenda, Mungu ananiona. Nikamtazama Gregory. Alikuwa hapumui.

"Nabaki," nikasema.

Tangu hapo Maduhu ananiamini kabisa. Mshahara analeta wote, tena anauweka mezani mbele ya watoto, na akinikuta na Kalisti anamwita shemeji. Mimi ndiye nisiyemwamini. Nampakulia, nakaa kwenye kigoda, namtazama anavyokula mpaka sahani inaisha.