Yowe la Kwenye Kanda

Jumbe, muuza kanda wa Igoma, alifungulia spika mpaka bati la kibanda likatetemeka.

"Nyimbo nne tu?" aliuliza. "Mnauza kanda au mnaonjesha?"

"Sikiliza kwanza, kaka," Mayala alimjibu.

Yeye ndiye aliyepiga gita na kuimba, kama kunguruma kule kuliitwa kuimba. Tangu serikali iruhusu biashara huria, kanda za Ulaya za muziki mzito, wa polepole, wa habari za makaburi, zilifika hadi Mwanza. Yeye na rafiki yake Antoni, mpiga ngoma, walizisikiliza mpaka wakaunda bendi. Hii ilikuwa kanda yao ya kwanza. Wimbo wa mwanzo ulihusu mwizi wa ng'ombe aliyeuawa, na ili utishe waliutanguliza kwa yowe halisi, lililopigwa na Bernadeta, shangazi yake Antoni, mwanamke aliyewahi kuamsha kijiji kizima. Hakuna kati yao aliyefikiri kwamba Usukumani yowe halisikilizwi tu. Linaitikiwa kwa silaha, maana ni wito wa kumkimbiza mwizi.

Lilipotoka spikani, mafundi wa ujenzi wa jirani walitupa nyundo wakaokota nondo. Sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa, walijitokeza na marungu, filimbi zikilia kila upande.

Wakati huohuo Antoni alikuwa anakuja dukani. Kusikia kazi yao hadharani kulimjaza furaha, akatimua mbio, sahani yake ya shaba, ile inayogongwa pamoja na ngoma, ikimeta kwapani. Yowe linalia, mtu anakimbia, na kwapani ana mali.

"Huyo! Huyo!"

Rungu la kwanza lilimvunja goti. La pili lilimpata mdomoni, meno yakamwagika vumbini. Alipoinua mkono kujikinga, nondo ikaushukia, na Mayala akausikia mfupa ukikatika.

"Ni kanda! Mwacheni, ni kanda!"

Nani angemsikia? Jumbe alizima redio, lakini hasira ilikwisha kuwaka. Mwanamume mmoja alikuwa ameinua tofali juu ya kichwa cha Antoni. Mayala akarukia meza ya Jumbe, akaweka viganja mdomoni, akapiga yowe. Koo lake lilizoea kunguruma. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mjane. Hata hivyo yowe ni yowe. Tofali likatupwa kando, umati ukageuka na kumjia yeye.

"Mwizi yuko wapi?" aliuliza Mzee Shimba, kamanda wa sungusungu, akihema.

"Hakuna mwizi, mzee. Hili nimepiga mimi. Lile la kwanza ni la kwenye kanda. Mnayemuua ni mwenzangu."

Kofi la mzee lilimshusha kutoka mezani. "Unatufanya watoto?"

"Jumbe, wasikilizishe!"

Jumbe akarudisha kanda nyuma. Sauti ya Bernadeta ikapasua hewa tena, na baadhi yao waliinua marungu kabla ya kujizuia.

"Zima!" Shimba alifuta jasho. Hakumtazama Antoni. "Siku mke wangu atakapopiga yowe, watu watakaa wakidhani ni muziki. Mlazeni huyu, achapwe."

Walimlaza Mayala kifudifudi. Fimbo ya kwanza ilichana shati, ya pili ikachana ngozi.

"Jumbe! Anapumua?"

Jumbe alikuwa amepiga magoti penye damu, sikio karibu na mdomo wa Antoni.

"Anapumua. Anakutukana wewe na shangazi yake."

Mayala akauma mchanga, akaacha fimbo ziendelee.