Mto Usiofika Mlangoni

Herieth na mama yake, muuguzi, walihamishiwa Kasulu mwaka mmoja baada ya mafuriko. Kule Dar es Salaam nyumba yao ilipakana na mto ambao watoto waliujua kwa harufu: pampasi, chupa, mizoga ya kuku. Usiku mto ulipofurika, uliingia mpaka chumbani, ukalibeba godoro Herieth akiliona. Tangu hapo mvua ikinyesha alipanda juu ya meza.

Darasani aliketi na Ininahazwe, ambaye kila Jumamosi aliteremka bondeni na bibi yake, Esteri, kuloweka mihogo.

"Twende wote," Ininahazwe alimwambia.

Mama aliruhusu kwa shingo upande. "Lakini majini usiingie."

Kule bondeni Herieth alitafuta takataka kwa macho, hakuona. Maji yalionyesha changarawe.

"Taka zenu mnatupa wapi?"

"Shimoni, nyuma ya nyumba," Ininahazwe akacheka. "Tukitupa mtoni, tunywe nini?"

Herieth akavua viatu. Baridi ya maji ilimfanya apige ukelele, na katazo la mama likamtoka kichwani.

Walikuwa wakirushiana maji Herieth alipoona yamegeuka mekundu, yanaleta majani na povu. Juu yao jua lilikuwa kali.

"Mto unakuja!" akapiga kelele, akamvuta mwenzake.

Bibi Esteri alitazama milimani, akaona wingu zito. "Kweli, inanyesha kule juu. Tokeni!" Akaburuta kiroba chake cha mihogo wakapanda mteremko.

Mto ukajaa kwa ngurumo. Herieth aliukodolea macho, akisubiri uwafuate. Ukafunika majani ya bondeni, ukaishia hapo.

"Haufiki huku?"

"Pale ni pake wakati wa mvua," bibi akamjibu. "Pale hatujengi. Kulima tunalima kiangazi."

Wakaketi wakitafuna karanga mpaka maji yakaanza kupungua.

Jioni Herieth alimweleza mama yote, hata la kuingia majini. Alitegemea kugombezwa. Mama aliuliza tu, "Yalikuwa ya baridi?"

"Sana, mama."

Jumamosi iliyofuata mama hakuwa na zamu. Waliteremka naye, akaketi juu ya jiwe, mbali kidogo na ukingo. Watoto walicheza. Walipogeuka baadaye walimkuta amevua kandambili, amekunja gauni magotini, miguu yote miwili imo majini.