Sekunde Arobaini za Mama

Barua ya kwanza ya kutukatalia niliichana. Ilikuwa ya kwenye kompyuta, haichaniki, kwa hiyo niliichapisha kwanza ndipo nikaichana vizuri. Nasema haya mapema ili mjue anayewasimulia ni mtu wa namna gani.

Mkaguzi wa duka la programu za simu, mtu nisiyemjua, anayesaini kwa namba badala ya jina, alikuwa ameandika kwamba programu yetu inatuma taarifa za mtumiaji kwa watu wa nje kabla mtumiaji mwenyewe hajaridhia. Nikamjibu kwamba amekosea. Nikamwambia asome ukurasa wetu wa ridhaa, kama anajua kusoma. Hayo ya mwisho Pacha aliyafuta kabla sijatuma.

Programu ilikuwa ya wajawazito. Unaweka namba yako ya simu na tarehe ya hedhi ya mwisho, nayo inakuhesabia wiki, inakukumbusha siku za kliniki na kukueleza dalili ambazo si za kungojea kesho. Wazo lilikuwa la mama yangu, mkunga mstaafu ambaye hajastaafu, maana wanawake bado wanamfuata nyumbani wakiwa na maswali wasiyothubutu kumuuliza mwingine. Tulioitengeneza ni mimi na Pacha.

Pacha si pacha wangu. Ni binti wa jirani wa zamani. Tulizaliwa juma moja, na aliyempokea ni mama yangu, siku nne baada ya kunizaa mimi, akiwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Mama yake alipohama alimwacha kwetu amalize shule. Akamaliza shule, akamaliza chuo, hakuondoka, na hakuna aliyetaka aondoke. Tulivaa viatu vya jozi moja kwa zamu. Nikiumwa mimi, yeye ndiye aliyekunywa uji wangu ili nisigombezwe kwa kuubakiza.

Kazi yetu tuliifanyia kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la rangi, meza moja, viti viwili visivyolingana, na harufu ya tina ya kuyeyushia rangi iliyotufanya tuchekecheke ovyo kufikia saa tisa alasiri. Tulikuwa na sheria moja: anayeandika hakagui, na anayekagua si yule aliyeandika. Kurasa niliandika mimi, Pacha akazikagua. Sehemu ya kuhifadhi na kutuma taarifa aliandika yeye, kwa hiyo mkaguzi wake nilikuwa mimi. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuikagua. Niliweka alama ya "imekaguliwa" na kuendelea na chai. Kufungua kazi ya Pacha na kuipitia mstari kwa mstari niliona ni kama kumpekua mtu mifuko.

Ukurasa wa ridhaa ndio uliokuwa fahari yangu. Mama alisema wanawake wake hawasomi maandishi marefu, wanamsikiliza yeye, basi tukaamua ausome kwa sauti. Tulimrekodi kabatini mwake, katikati ya magauni, kwa sababu nguo humeza mwangwi. Alisema hivi, taratibu, kama anavyosema na mtu aliyeshikwa na uchungu: "Mwanangu, habari zako ni zako. Hatumpi mtu yeyote mpaka wewe mwenyewe ukubali. Ukikataa, zinafutika, na hakuna atakayekuuliza kwa nini." Kisha akaeleza vitufe viwili, Nakubali na Sikubali. Sekunde arobaini kamili. Pacha alikuwa ameshika taa ya simu ili mama aone karatasi, na nakumbuka alilia.

Tulipokuwa tunangoja duka litukubali, wanawake sitini wa mama walipewa programu waijaribu.

Barua ya pili ilikuja ikisema yaleyale. Ya tatu ilitaja muda: taarifa zinatoka sekunde ya nne baada ya ukurasa wa ridhaa kufunguka. Nilimsomea Pacha. Alicheka, akasema hao wakaguzi ni mashine zinazokagua mashine, akaniambia niwaandikie tena kwa kuwa mimi ndiye niliyejaliwa maneno. Nikaandika kurasa mbili. Nilimkingia kifua mtu ambaye hakuna aliyemtaja. Mwisho nikaandika: "Sehemu hiyo nimeikagua mwenyewe." Niliandika uongo huo bila hata kupepesa macho, kwa sababu sikuuona kuwa uongo. Kumjua Pacha niliona kunatosha.

Siku mbili baadaye nilikuwa kwa mama, nimelala chini ya sinki nikikaza bomba, alipoingia mshonaji. Ni mwanamke mpole, mmoja wa wale sitini, aliyemshonea mama sare zake za kazi kwa miaka yote. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na safari hii alikuwa amemwambia mama tu. Hata mumewe alikuwa bado. Alikaa ukingoni mwa kiti, akamwonyesha mama simu. Kulikuwa na ujumbe kutoka kampuni ya vitu vya watoto: hongera mama mtarajiwa, uko wiki ya kumi na moja, njoo uchague kitanda. Simu ilikuwa juu ya cherehani, wifi yake ndiye aliyeusoma, akausoma kwa sauti, na nyumba nzima ikaanza kushangilia. Mshonaji mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

"Nilibonyeza Sikubali, Mama," alisema. "Mara mbili, nisije nikakosea. Nilibonyeza kwa sababu ulisema hakuna atakayeniuliza."

Mama aliinama akanitazama pale chini ya sinki. Nikasema haiwezekani. Nilisema hivyo na bisibisi mkononi, maji yakinidondokea shingoni, na nilimaanisha kabisa.

Nilirudi chumbani kwetu, Pacha hayupo. Nikaunganisha simu ya majaribio na kompyuta ili nione kila kitu kinachotoka, jambo la dakika kumi ambalo nilipaswa kulifanya tangu barua ya kwanza. Nikaweka namba ya uongo na tarehe ya uongo. Ukurasa wa ridhaa ukafunguka, mama akaanza: "Mwanangu, habari zako ni zako." Hakufika hata kwenye neno la kukataa. Namba ilikuwa imekwisha kwenda, na tarehe, na wiki zilizohesabiwa, kwa kampuni ileile ya vitanda. Mama akaendelea kuahidi. Nilirudia mara sita. Mara zote sita ilikuwa sekunde ya nne.



Pacha alipoingia alikuta skrini iko wazi. Hakukana, na hilo nampa. Alivuta kiti chake na kueleza kama mtu anayeeleza ratiba ya mabasi. Kampuni ndiyo iliyotupa seva, ile kompyuta ya mbali inayohifadhi taarifa za programu. Mimi nilikuwa nimemwamini aliponiambia, tulipoanza, kwamba seva ni msaada kwa vijana wabunifu. Akaniuliza kama nilidhani tulipewa seva kwa ajili ya macho yetu mazuri. Walitaka wajawazito wote, si wale wanaokubali tu, na akatafuta mahali ambapo mtumiaji anasubiri na hagusi kitu, ili simu isionekane nzito. Mahali hapo palikuwa ni zile sekunde arobaini. Akasema ni namba tu, hakuna jina, hakuna aliyeumia.

Nikamwambia habari za mshonaji. Akaanza kukwangua tone la rangi mezani kwa ukucha.

"Ulijua mimi ndiye mkaguzi," nikasema. "Hukuogopa kwamba nitaona?"

"Hujawahi kufungua kazi yangu hata siku moja," alisema Pacha. "Nilijua hutafungua."

Natamani angenitukana. Tusi ningelijibu, nina akiba ya kutosha. Lakini alichukua kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumpa mtu, akakitumia kama mlango wa nyuma. Nilimwambia atoke. Akauliza atoke wapi, chumbani au nyumbani. Nikasema kote. Alichukua kile kikoti chetu, tulichokuwa tunavaa kwa zamu, na sikumzuia, kwa kuwa ilikuwa zamu yake.

Niliifunga njia ile, nikaizima programu kwenye simu zote sitini, nikawaandikia wakaguzi mstari mmoja: mlikuwa sahihi, na aliyesema amekagua alisema uongo. Kisha nikaenda kumweleza mama yote, pamoja na alama zangu za "imekaguliwa".

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema anataka kurekodi tena, tuwatumie wanawake wote sitini kwenye simu zao wasikie. Nikamwambia vizuri, na amtaje Pacha, wamjue. Akakataa.

"Pacha hawamjui," alisema. "Wewe pia hawakujui. Aliyewaambia ni mimi."

Mchana ule tuliingia kabatini, wawili tu safari hii. Taa niliishika mimi. Mama hakuwa na karatasi. Magauni yalikuwa yaleyale, na sare mbili alizoshona yule mshonaji zilining'inia begani kwake. Nilinyanyua simu, nikaiweka karibu na mdomo wake kama mara ya kwanza.

Mama alikuwa anatazama kidole changu juu ya kitufe.

"Imeshaanza kurekodi?" aliuliza.

Nikasema bado, mama, nangoja uwe tayari.

"Nionyeshe."

Nikaigeuza simu. Aliitazama karibu sana, kwa yale macho yaliyotutazama sote wawili siku tulizozaliwa. Akasoma kila kilichoandikwa kwenye kioo, herufi kwa herufi. Halafu akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu," alisema mama yangu. "Nitabonyeza mwenyewe."